Shokomzoba za Nyuma

Nati ya kushoto iligoma.
Chumvi ya barabara, baridi kumi na tisa za Saskatchewan,
ilikuwa imeifunga ndoa na bolti yake.
Niliimwagia mafuta juzi, jana, na asubuhi tena.
Orest alinishikia tochi, akamulika kila mahali
ila pale nilipotazama.

"Ikate tu," akasema.
Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana,
nikaning'inia kwa uzito wangu wote
mpaka ikalia kwii, ikakubali.

Ile kuukuu ilitoka ikivuja.
Nikaisukuma kwa kiganja: ikazama
ikabaki humo humo,
kama mtu aliyechoka kujibu.
Mpya ilirudi yenyewe, taratibu,
ikinisukuma mkono.

Jioni nikapeleka mayai kwa Bi Petryshyn, trei nane.
Halikupasuka hata moja.
Pikapu ilipita juu ya changarawe
utadhani zimepigwa pasi.

Wakati wa kurudi nikaipita njia ya kwetu,
kilomita tatu nzima, hadi kwenye maghala ya ngano,
ndipo nikashtuka:
lile shimo la pale konani,
ambalo miaka yote lilinigonga kichwa darini
likiniambia umefika,
leo lilininong'oneza tu,
nami sikusikia.