Kioo Hakina Pindo

Mnada wa pili wa korosho ulipolipa
niliteremka Mtwara kununua vitambaa vya sare,
bluu ya shule ya msingi, majora mawili, na zipu.
Nikarudi Newala na mfuko wa nailoni mapajani,
maji tele, nimeushika kwa mikono miwili
kama mtu aliyetumwa mayai ya jirani.

Ndani watatu wa rangi ya dhahabu,
kila mmoja urefu wa sindano ya cherehani.
Kijana wa Chikongola aliyeniuzia
alinifungia na kioo cha futi mbili, akasema:
“Usihofu, mama. Samaki hukua
kwa kadiri ya nyumba yake.”

Nikaamini. Mimi!
Mimi ninayewaambia wazazi kila Januari,
usinipimie mtoto wa leo, nipimie wa mwakani;
ninayeacha inchi mbili za pindo kila sketi
maana mtoto haamki na urefu aliolala nao.

Huku kwetu juu maji ni ya kuhesabu.
Wifi yangu Asumini alinikuta nayabadilisha ya samaki,
akanyamaza kwanza,
kisha akaniuliza bei ya ndoo,
kana kwamba haijui.

Mvua za kwanza walikuwa vidole.
Za pili, mmoja akafa. Sikujua kwa nini.
Sasa najua.
Za tatu, wawili waliobaki wakitaka kugeuka
walikuwa kama watu wenye kitanda kwenye korido:
huyu arudi nyuma, yule apite, samahani, samahani,
mchana kutwa.

Nikavua futi kamba shingoni, nikailaza juu ya kioo.
Mteja hakutulia.
Inchi tisa na nusu, mkia haujanyooka.
Nikatafuta pa kufumua,
nikapapasa kona zote nne kwa kidole, mjinga mimi,
kama ninayetafuta uzi.
Kioo hakina pindo.

Liundi mwanangu akasema, tuwapeleke Ruvuma.
Na kweli, ukisimama Shimo la Mungu
mto uko pale chini, mwembamba kama uzi wa kudarizi,
mtoto akinyoosha kidole unaona jambo ni rahisi.
Nikamwambia hapana. Mto una wenyewe.
Mgeni akila mayai ya wenyeji,
akiwaachia ugonjwa wasioujua,
nani atashuka kumrudisha?
Kosa langu ni la futi mbili.
Nisilifanye la mto mzima.

Mwalimu Nangomwa ana hodhi ya saruji nyuma ya nyumba,
ya zamani, maji yake hayanywewi tena
wala hayana njia ya kutokea.
Tukawabeba kwa ndoo mbili, kila mmoja yake,
tumewafunika kwa mabaki ya bluu.
Tukawamimina taratibu.
Wakaenda kona moja,
wakageuka palepale, huyu arudi nyuma, yule apite,
na hodhi yote tupu mbele yao.
Siku nne, anasema mwalimu,
ndipo mmoja akajaribu kwenda moja kwa moja.

Juzi nilishuka tena.
Kijana yuleyule akanionyesha kambare mwenye madoa,
mdogo, mdomo umegandia kioo.
“Huyu anakusafishia mwenyewe, mama.”
Nikamwambia, nionyeshe baba yake.
Akacheka.
Akaona sicheki.
Akaweka kiganja chake juu ya kiwiko
akakiburuta polepole mpaka ncha za vidole.

Nikafungua daftari la vipimo.
Baada ya binti wa Namkwahe,
kiuno ishirini na mbili, urefu ishirini, pindo mbili,
nikaandika: Kambare wa madoa.
Akiwa mtu mzima, kiwiko mpaka vidole.
Nyumba yangu, futi mbili.

Nikanunua zipu tu.