Jiwe la Nyuma ya Tairi

Uniti arobaini na moja nukta tatu
zimebaki kwenye Luku. Nimemwachia mpangaji.
Nimemwachia na mpera, na zamu ya maji:
Jumanne usiku, Ijumaa kabla ya adhana,
akichelewa tenki litakauka, mimi simo.

Mama Nkinda aliniuliza ukutani, kwa sauti ya chini,
"Mmefilisika?"
Nikasema hapana.
"Basi kuna mgonjwa."
Nikasema hapana, tunaondoka tu.
Akanitazama kama ninayeficha sufuria ya nyama.

Miaka kumi na tisa Masinga alipima viwanja.
Iyumbu, Nala, Ndachi, Mahomanyika,
palipokuwa na uwele akapanda zege,
na watu wakaja na matofali, wakagombania hatua moja.
Jioni alirudi na vumbi jekundu hadi kwenye kope,
akala, akalala, akaota fensi.
Mwaka jana, huko Nzuguni, mjane mmoja
alimshika mkono: "Mwanangu, nionyeshe
hapo uliposema ni pangu."
Hapakuwa pake.
Hakunisimulia zaidi ya hapo.
Mwezi uliofuata alikwenda mnadani, akarudi na Kosta.

Lilikuwa basi la shule. Chini ya rangi mpya
bado unasoma ELIMU NI, kisha kutu.
Tuling'oa viti, tukabakiza vinne.
Godoro la futi tano, mtungi mdogo wa gesi, madumu sita,
kabati la vyombo tumelifunga kwa mpira wa baiskeli.
Sofa alinunua mchungaji. Kitanda chetu cha harusi
kilipakiwa kwenye guta, miguu juu,
kikashuka mteremko wa Ilazo kama mbuzi aliyefungwa.
Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikakaa sakafuni.

Mjumbe alikuja na daftari.
"Niandike mmehamia wapi?"
Masinga akasema: andika barabarani.
"Barabarani si mtaa."
Wakabishana hadi chai ikapoa.

Kaka yangu, kwa simu, kutoka Mvumi:
Wafugaji huhama, lakini wanafuata majani.
Ninyi mnafuata nini?
Mtandao ukakatika. Nikaushukuru.

Tulitoka Jumamosi, upepo wa Julai mgongoni.
Bahi tulinunua kambale mkavu; harufu yake ilihamia kwenye mito.
Kintinku, Ezbon alitapikia kofia ya baba yake.
Sechelela alikuwa akifanya hesabu za sehemu juu ya mtungi wa gesi,
akauliza, bila kuinua kichwa:
nyumba ikitembea, jirani ni nani?
Mwalimu wake sasa ni mimi.
Nikamwambia aendelee na swali la tano.

Manyoni tulilala nyuma ya kituo cha mafuta,
mlinzi tukampa ugali.
Breki ya mkono haishiki. Masinga alitafuta jiwe gizani,
akalisukumia nyuma ya tairi, akalikanyaga,
akarudi hatua mbili, jicho moja kalifumba,
mazoea ya kazi, akapima.
"Hapa ni petu," akasema. "Mpaka saa kumi na mbili."

Mimi sikulala. Niliwakosa mbwa wa Mama Nkinda,
mbwa niliowaapiza miaka yote.
Alfajiri, nikitafuta shuka, nilifungua begi la Sechelela
nikakuta kibao cha bati, bluu:
MTAA WA MKOLE, 27,
na skrubu zake nne ndani ya mfuko wa maandazi.
Nikakirudisha kilipokuwa, nikafunga zipu polepole.

Kulipokucha injini ikakohoa, ikawaka,
na Ezbon yuko chini, amelikumbatia lile jiwe, limemlemea,
anataka lipande nasi.
Nikamwambia mawe yako kila mahali.
"Hili limeshatuzoea," akasema.

Nikashuka. Tukalibeba wawili.