Mlango wa Lukuledi

Miaka kumi na moja nimeuchora ubaoni:
mstari wa chaki ya buluu kutoka kushoto,
ukinenepa kidogo kidogo hadi ukingo wa kulia.
"Hapa chanzo. Hapa mlango. Andikeni."
Wakaandika, isipokuwa Swaumu, dawati la tatu,
aliyeinua kidole chenye wino:
"Mwalimu, wewe umeuona?"

Nilimwambia akae chini.

Likizo fupi ya Septemba nikapanda Mtanda,
mkono kiunoni, pumzi ikinidai riba.
Lindi ilikuwa chini yangu, mabati na minazi,
Kitunda ng'ambo, mikoko imekaa na miguu nje,
mashamba ya chumvi yakimetameta
kama madirisha yaliyolazwa chali.
Na katikati, mpana, umenyooka kuja: mto.
Nikaupima kwa vidole, jicho moja nimefumba.
Vidole viwili na nusu.
Nikasema, Swaumu, mtoto wee, huu hapa.

Nilishuka na furaha yangu hadi kwenye chumvi.
Bushiri Nantepa, kijana wa mabuti marefu,
aliniangalia kama mtu aliyepotea msibani.
"Mto gani? Hii bahari. Imekuja kutembea.
Ngoja maji yapwe, uone atakayebaki."
Akachota kwa kiganja. Onja.
Nikaonja. Nikatema.

Mingoyo, darajani, maji mazito ya kijani
yamesimama kama mtu anayetafuta jina lako.
Kumbi la nazi lilikuwa likielea chini yangu,
likipanda.
Nililitazama hadi likapotea kwenye kona,
likielekea bara, halina haraka,
likinifutia somo zima la kidato cha pili.

Nikalifuata bonde.
Mtama, kisha Nyangao, harufu ya mabibo yaliyoanguka
imejaa hewani, tamu hadi inachefua.
Nikatafuta jiwe refu, nikalipanda kwa magoti.
Rondo upande huu, Umakonde upande ule,
kama ndugu wawili waliogombania mirathi,
wakaachiana nafasi kwenye mkeka.
Na kwenye nafasi hiyo, mstari mweupe.

Mchanga.
Mchanga mtupu, wenye kwato za mbuzi,
na alama ya tairi moja jembamba
ya baiskeli iliyovuka mto
bila kulowa.

Sikujua nicheke au nidai nauli yangu.

Nikateremka. Katikati ya mto alikuwepo mwanamke,
nusu mwili ndani ya shimo, nusu juani.
Binti Mkwinda, alijitaja bila kugeuka.
Alikuwa na kata, na ndoo, na muda.
Shimo lilitoa maji kama mtu anayetoa siri:
kwanza unyevu, kisha jasho, kisha jicho.
Nikanyoosha mkono.
"Usichote kwa pupa. Ukilivuruga, linasusa."
Basi tukachuchumaa, mwalimu na kata,
tukisubiri Lukuledi ijae kiganja.

Yalikuwa baridi. Yalikuwa na ladha ya mizizi
na ya kitu kilicholala bila kufa.
"Unakwenda wapi, chini kwa chini?" niliuliza.
"Unakokwenda siku zote," akasema,
"ila hautaki kuonwa."

Jumatatu nilishika chaki ya buluu.
Dawati la tatu lilikuwa tupu:
wamehamia shamba, msimu wa korosho umeanza,
atarudi Desemba, au hatarudi.
Doa la wino wake bado lilikuwepo pale mbaoni.

Nikaanza kulia, kwenye bahari.
Nikachora mshale mmoja unaoingia.
Nikaenda nao hadi Mingoyo, mkono ukapungua nguvu,
na kuanzia hapo nikaweka nukta,
nukta,
nukta,
hadi ukingo wa kushoto.

Kiranja akainua mkono:
"Mwalimu, chaki imekwisha?"
Nikasema haijaisha.
Andikeni hivyohivyo.