Zamu Imekwisha

Aliingia saa moja na nusu jioni,
mvua ya Hull ingali inamdondoka viatuni,
akasoma jina ubaoni, akasita.
Wenzake walikuwa wamelikata, "En," wakaendelea na kazi.
Gaynor alivuta kiti.
Nifundishe, akasema.
Nsi. Mi. Re.
Mara tatu, kama mtu anayejaribu ufunguo wa kuazima,
hata likafunguka, na mke wangu akacheka
kabla uchungu haujarudi kukichukua kile kicheko.

Kwetu mwanamume hungoja nje.
Babangu alingoja nje mara tisa
akichonga mipini ya majembe tusiyokuwa nayo.
Mimi nilisimama karibu na sinki
nimekumbatia koti kama abiria wa basi lililochelewa,
na mikono yangu, inayopasua samaki usiku kucha kiwandani,
haikujua pa kwenda.
Aliiona. Akaishika, akaiweka
chini ya kiuno cha Nsimire, juu ya mfupa.
Bonyeza, baba. Hapa. Usiogope kumuumiza.

Simu ya mkalimani ilikatika saa nne.
Ilipokatika tena, Gaynor aliilaza kifudifudi mezani.
Alikuwa na neno moja tu la Kiswahili,
aliloachiwa na muuguzi wa Kisii aliyehamia Leeds:
pole.
Uchungu ukipanda, pole.
Ukishuka, pole.
Na kwa kuwa hakujua jingine la kumwambia "taratibu,"
alilirudia hilohilo mara mbili,
likawa sahihi.

Saa tisa usiku Nsimire alisema siwezi.
Alisema kwa Mashi, lugha ya mamake,
nami sikutafsiri.
Gaynor alipiga magoti sakafuni, goti lake bovu likalia,
wakagusana mapaji ya uso.
Hakusema unaweza.
Alisema: najua.
Kisha wakanyamaza pamoja, muda mrefu,
nikausikia moyo wa mtoto kwenye mashine,
mbio mbio, kama mtu aliyeona nyumba yao kwa mbali.

Nimelitumia neno hili maisha yangu yote,
kujifungua,
na sikuwahi kulisikia.
Hakuna aliyemfungua. Fundo alilitafuta mwenyewe, gizani,
kwa meno.

Saa moja na nusu asubuhi zamu ilikwisha.
Akaja mwingine, kijana, nywele bado zina maji.
Gaynor alimkabidhi karatasi,
akavua beji, akavaa koti,
akakaa.
Mkate wake wa jana ulikuwa bado umefungwa.
Alikaa pale kama jirani aliyepita kusalimia tu,
pole, pole pole,
mpaka saa mbili na dakika kumi na moja
kilipotoka kilio chembamba chenye hasira
na binti yangu akaudai ulimwengu kwa ngumi mbili.

Wakanipa mkasi.
Mimi, mpasua samaki, nilitetemeka.
Kitovu ni kigumu kuliko unavyodhani.

Siku ya nane kikadondoka, kikavu, cheusi kama karafuu.
Kwenu ni pale kitovu chako kilipozikwa, husema wazee,
lakini sisi tuko ghorofa ya nne.
Nikakifukia kwenye chungu cha mnanaa, dirishani jikoni.
Mkunga wa mtaa, aliyekuja na mizani yake, akauliza kimepandwa nini.
Mnanaa, nikasema. Si uongo.

Gaynor sikumwona tena ila mara moja,
Machi, nikitoka kiwandani, Barabara ya Anlaby.
Alikuwa ndani ya basi, amelala, shavu kwenye kioo,
mdomo wazi, beji imepinda kifuani.
Taa ilikuwa nyekundu. Ningeweza kugonga.
Mikono yangu ilinuka samaki; nikaiacha mfukoni
na kumrudishia neno lake, nikimwongezea lile
ambalo yule Mkisii hakuwahi kumfundisha:
pole na kazi.
Basi likaondoka naye, bado amelala.