Nukta Kumi na Moja

Bawa la mbung'o kwenye skrini ni pana kama mkeka,
kahawia, limelowa mwanga,
na pembeni, chini, kipande cha rula:
milimita moja, ndefu kama kiganja changu.
Kipimo kwanza. Nabofya inapoanza, nabofya inapokoma,
naiambia programu: hii ndiyo moja.
Bila hiyo vitu vyote ni vikubwa tu, au vidogo tu,
kama hadithi za walevi.

Kisha nukta. Ya kwanza, mishipa miwili inapoachana.
Ya pili, inapokutana tena bila kusalimiana.
Ya tano, ya sita na ya saba
zinakizunguka kile chumba chenye umbo la shoka
ambacho kila mbung'o huzaliwa nacho.
Kumi na moja, kwa mpangilio uleule.
Ukiruka moja
bawa lajikunja kama karatasi ya mtihani ulioshindwa.

Obbo ndiye anayeyaleta.
Hutega vitambaa vya buluu na vyeusi kando ya mto Malaba,
hurudi Tororo na vichupa vya spiriti,
tarehe kwa penseli, maana spiriti hula wino.
Tunachouliza ni kidogo:
wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile, ni ukoo mmoja?
Maana kama ni mmoja
tutafagia huku, nao watarudi kutoka kule.

Jumatatu natia alama mabawa arobaini.
Alhamisi narudia yaleyale, sichungulii ya Jumatatu.
Tofauti inayotokea si ya mbung'o.
Ni yangu: chai niliyokosa,
lori la saruji lililopita likatikisa meza,
jicho langu la kushoto.
Nayo ina safu yake kwenye jedwali.
Sijawahi kuandikwa kwa uaminifu namna hiyo.

Mjomba Okecho alikufa kwa malale kabla sijazaliwa.
Alisinzia shambani, mkono kwenye jembe,
akasinzia kanisani, akasinzia akitafuna.
Mama husema alikuwa mrefu, akiinama kila mlango.
Picha yake ni moja. Amesimama na baiskeli,
kola imefungwa hadi juu.

Jioni moja, umeme ulipokubali,
niliifungua picha ile kwenye programu ya mabawa.
Ikaniuliza, kama inavyouliza daima: kipimo kiko wapi?
Nikaona gurudumu.
Inchi ishirini na nane, baiskeli zote za enzi zile.
Nikabofya tairi juu, nikabofya tairi chini.
Kisha utosi wa mjomba. Kisha kisigino.

Mita moja na sentimita sitini na tatu.

Nilirudia mara tatu. Sitini na tatu, sitini na nne, sitini na tatu.
Nikamsomea Mama, naye anachambua karanga,
hakuinua uso.
"Umepima baiskeli," akasema.
"Yeye yuko nyuma yake. Alipenda kusimama nyuma."

Nikatazama tena.
Kweli, hatua moja, labda mbili:
kivuli cha gurudumu kinakoma kabla ya viatu vyake.
Na kilicho mbali, hata shuleni tulifundishwa,
hupimwa pungufu.
Ni kwa kiasi gani, picha haisemi.
Mpiga picha naye amekufa.

Nimefunga faili bila kuihifadhi.

Leo ni bawa la mia mbili na kumi na tatu,
jike, mtego wa tisa, ng'ambo ya pili.
Limelala kati ya vioo viwili, bapa kabisa,
halina mbele, halina nyuma,
halina dada wa kulitetea.
Nabofya inapoanza milimita.
Nabofya inapokoma.
Nukta ya kwanza.