Tarehe Thelathini Februari

Senga Devanney alikuja na mfuko wa viazi
uliotuna kwa barua.
Aliutua mezani kama mtu anayetua jiwe,
akasema: "Zote. Sijafungua hata moja."

Nje, Govan ilikuwa chini ya mvua ile ya Glasgow
isiyoanguka bali hujipaka tu,
juu ya matofali mekundu, juu ya kreni
zilizosimama vivyo hivyo tangu kazi ilipohama.

Nisiwafiche, hii ndiyo ajira yangu:
nafungua bahasha za watu wanaoogopa bahasha.
Nina kisu cha siagi, butu, cha jikoni,
na nimejifunza kukata pasipo kelele,
maana nimeona watu wazima wakishtushwa na karatasi ikichanika
zaidi ya mlango ukibamizwa.

Thelathini na moja. Nikazipanga kwa tarehe.
Gesi. Umeme. Gesi. Shule yauliza mbona Fergus haonekani.
Hospitali: mtoto hakuletwa kliniki ya kifua.
(Kifua kilikuwa pale pale, kikipiga mluzi kwenye kiti cha pili,
kifua cha miaka sita kilicholelewa na ukuta wenye kuvu.)
Gesi. Mwenye nyumba. Mwenye nyumba.
Mwenye nyumba, kwa herufi kubwa.

"Mume wangu," Senga alianza, kisha akaiacha sentensi hapo
kama sufuria isiyooshwa.
Sikuiosha. Nilimmiminia chai.

Ni bintiye, Ishbel, wa miaka tisa,
aliyekuwa akiamka kabla ya mtu wa posta,
akizizoa mlangoni, akizitia chini ya godoro lake.
"Mama akiziona halali," alisema. "Asipoziona, analala kidogo."
Miezi saba amelalia madeni ya nyumba nzima
na mgongo wake mdogo haukumwambia mtu.

Mhairi, wakili wetu, alishuka ngazi na mkate mdomoni.
Kuna wasemao mwenye nguvu mpishe;
Mhairi hampishi hata dereva wa basi.
Akaisoma ile ya mwisho kwa sauti:
"...mnatakiwa kuhama, pamoja na vyombo vyenu vyote,
ifikapo tarehe thelathini Februari."

Akasoma, akapita. Nami nilipita.
Senga alikuwa ameshaanza kulia.
Ishbel akakunja ngumi,
akahesabu juu ya vifundo, kilima na bonde,
Januari kilima, Februari bonde,
akahesabu tena, akatutazama kwa huruma:
"Lakini siku hiyo haipo."

Mhairi aliweka mkate chini.
"Rudia, mpenzi."
"Haipo. Watatutoaje siku ambayo haipo?"

Mahakamani, wakili wa mwenye nyumba alisema
ni kuteleza kwa kidole tu, mheshimiwa,
na dawa ya deni ni kulipa.
Hakimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa,
akaitazama kalenda ya ukutani
kana kwamba huenda imebadilika.
"Anzeni upya," alisema.

Msinipigie makofi. Hatukushinda.
Deni liko palepale, mume yuko kusikojulikana,
na mwenye nyumba amejifunza kalenda.
Tulichopata ni wiki tisa.
Ila wiki tisa, mkononi mwa anayejua namba za simu,
si haba. Nilisubiri idara ya ustawi
saa moja na dakika arobaini, nikisikilizishwa kinanda,
mpaka mtu akasema "halo" na nikasahau nilichotaka.
Ikapatikana posho ya mlezi, haki yake ya zamani
ambayo hakuna aliyewahi kumtajia.
Wiki ya nane, ufunguo: nyumba ya chini, mtaa wa nyuma.
Fergus aliingia, akaegemeza shavu ukutani,
akaliacha hapo. Ukuta mkavu.
Hakuna aliyemwambia aondoke.

Jana Ishbel alikuja ofisini baada ya shule,
mkononi bahasha moja, ya kahawia,
ya asubuhi hiyo hiyo. Haikufika godoroni.
Nikamnyoshea kisu cha siagi.
Alikitazama, akatikisa kichwa,
akaichana kwa kidole,
kwa kelele.