Karatasi Yenye Tundu

Kwaya yetu haina mshahara.
Ina biskuti, birika moja la chai,
na piano yenye kibonyezo kimoja kilichokufa
tangu baridi ya mwaka juzi.

Kila Jumatano, Winnipeg ikiwa imeganda hadi kwenye nguzo za taa,
tunashuka ngazi za sinagogi tukipukuta theluji,
tunapanga buti ukutani, jozi kwa jozi,
kisha tunaimba na soksi.
Yuko Gershon Tabachnik, daktari wa meno:
mchana kutwa huwaambia watu waachame,
usiku huambiwa yeye, "Achama, Gershon, achama!"
Yuko Rivka-Leah Zaslow, dereva wa basi,
teno wa kike; tulimpanga pamoja na wanaume
na barua ya malalamiko ilikuja moja tu.
Niko mimi, sauti ya pili, karani wa ghala la ngano.
Noti sizijui. Nasoma mdomo wa jirani.

Mwalimu, Bwana Anshel Wolfovitch, hutuongoza kwa rula.
"Wimbo," husema, "si uji wa shughuli
hata kila mpita njia aukoroge."
Kwa hiyo waumini, Sabato baada ya Sabato,
walikaa kama wageni waliofika arusini
wakakuta picha zimeshapigwa.
Sisi juu, roshani.
Wao chini, na amina zao fupi.

Na Mendl Shapovnik, fundi wa makoti ya manyoya,
aliyejaribiwa sauti mara tatu
na mara tatu akashukuriwa,
alikaa safu ya mwisho akigongagonga goti
kwa kidole chenye sugu ya kastabini.

Ikaja Ijumaa ile ya tufani.
Gari la Gershon likazikwa. Rivka-Leah akakwama depo.
Roshani tukawa wawili, mimi na Mwalimu,
sauti ya pili isiyo na ya kwanza ya kuiegemea.
Nikaanza.
Nikakatika.
Unakijua kimya cha watu thelathini wanaokuonea huruma?
Kina uzito wa koti lililolowa.

Ndipo, huko nyuma, mlango wenye kutu ukafunguka:
Mendl.
Maneno yalikuwa yale yale, ya kuilaki Sabato kama bibi arusi,
ila njia ilikuwa nyingine, ya mji wa baba yake,
mji ambao sasa hauna hata mmoja wa kumkosoa.
Alipanda pasipo ngazi, akashuka tusipotarajia,
na kwenye kona akangoja,
kama mtu anayeshikilia mlango ili wengine wapite.
Wakapita.
Mjane Tsipora Gimpel, aliyekuwa hajaimba tangu mazishi.
Mvulana mmoja mwenye sauti inayovunjika.
Watoto, neno moja nyuma ya kila mtu.
Haikuwa nzuri; sitasema uongo ndani ya shairi.
Ilikuwa kubwa.

Nilimtazama Mwalimu. Rula ilikuwa bado hewani.
Akaitia mfukoni, akanishika kiwiko:
"Tushuke."

Jumatano iliyofuata alimkalisha Mendl karibu na piano,
akampa chai, akatandaza karatasi ya mistari mitano.
"Imba." Akaimba.
"Rudia." Akarudia, na haikuwa ile.
"Rudia tena." Ikawa ya tatu.
Mwalimu akafuta, akaandika, akafuta,
hadi ufutio ukatoboa karatasi.
"Sasa ipi ndiyo yenyewe?"
Mendl akapuliza chai yake.
"Inategemea nani amekuja."

Karatasi ile hatukuitupa.
Imo katika jalada, baada ya ukurasa wa kumi na moja,
tupu, na tundu lake.
Tukiifikia tunawageukia watu,
tunangoja mmoja wao aanze.
Mara nyingine haanzi mtu.
Gershon hukohoa. Theluji huporomoka kutoka paani.
Nasi tumesimama tu,
vinywa wazi.